Kipande cha Ngozi ya Tumbo

Kila alasiri akirudi shule, Chiriku hakuwa na haja ya kuuliza kama mama yake yupo. Alilisikia baraza kabla hajaliona. Lilikuwa baraza la fundi wa ngozi, na baraza la fundi halina mlango. Aliyeleta mkanda ukatwe aliketi, aliyepita kusalimu aliketi, na asiye na shida yoyote ndiye aliyeketi kuliko wote. Chiriku alivua sare, akanawa mikono, akachukua donge la nta na kuanza kazi yake ya kila siku: kuupitisha uzi mnene juu ya nta mpaka ung'ae na usikwame ndani ya ngozi. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao haukulala. Ndiyo maana watu walimwita Chiriku. Jina lake la daftarini alilijua mwalimu tu.

Mama yake alishona mikanda ya punda wa mikokoteni. Alitoboa ngozi kwa msharasi, akapitisha sindano mbili katika tundu moja, moja kutoka huku na nyingine kutoka kule, kisha akavuta uzi kwa mikono yote miwili mpaka ngozi ilie. Tundu baada ya tundu, mwaka baada ya mwaka. Sasa vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungo kama tangawizi, na ncha zake zilikuwa zimekufa ganzi. Siku moja Chiriku alimwona ameshika kikombe cha chai ya moto, ametulia tu, hajui kwamba kinamuunguza.

"Mama," daktari alikuwa amemwambia, "vidole hivi vimechoka kuvuta. Ukiendelea vitakunjika, na vikikunjika havitakunjuka tena."

Basi ikaamuliwa: inunuliwe cherehani. Na kwa kuwa baraza lilikuwa la watu wote, cherehani nayo ikawa ya watu wote. Kila mtu alikuwa na yake ya kusema.

"Nunua kama ile ya fundi nguo wa pale kona," alisema jirani yao mpiga pasi. Watu walimwita Redio, maana hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Inakwenda kama upepo! Na ina taa."

"Dada, usijisumbue," alidakia Mjomba, mdogo wake Mama, aliyekuwa fundi baiskeli na mjuzi wa kila kitu kisichokuwa baiskeli. "Cherehani ni cherehani. Zote zina sindano, zote zina gurudumu."

"Na punda na mbuzi wote wana miguu minne," alijibu Mama. "Mfunge mbuzi kwenye mkokoteni, tuone."

Baraza zima liliangua kicheko. Mjomba naye alicheka, ingawa alikuwa wa mwisho.

Lakini Mama alikuwa hatanii. Aliuinua mkanda wa nyuma, ule unaozunguka mapaja ya punda. Mkokoteni ukiteremka mlima na pipa la maji limejaa, mkanda huo ndio unaouzuia usimpande punda mgongoni. "Hapa kwenye bizimu la chuma la kufungia," alisema, akionyesha mahali ngozi ilipokunjwa, "kuna matabaka matatu ya ngozi ya mgongo. Hapa ndipo pagumu kuliko pote. Cherehani haichaguliwi kwa taa. Unakwenda dukani na ngozi yako mwenyewe, unaitia mahali pagumu kuliko pote katika kazi yako, unazungusha gurudumu kwa mkono, unasikiliza. Ikipita hapa, imepita kote. Isipopita, iache hata ikiwa ya dhahabu. Hivyo ndivyo alivyonifundisha aliyenifundisha."

Kisha akamgeukia binti yake. "Chiriku, kipande cha jaribio utakitengeneza wewe. Umeshakua."

Chiriku alihisi kifua chake kimepanuka. Alikuwa hajawahi kushikishwa kisu cha ngozi peke yake. Mama alimpa kipande cha ngozi ya mgongo, kigumu, kilichokuwa kikikunjwa kinalia kama mlango mkavu. Alitakiwa akikate vipande vitatu, avigandishe kwa gundi, avipake rangi na nta pembeni, basi.

Aliketi nyuma ya nyumba na kuanza. Ngozi ile ilikuwa kaidi. Alibonyeza kisu, kisu kikateleza. Alibonyeza tena kwa hasira, kikaenda upogo. Alipomaliza, kipande kimoja kilikuwa chembamba upande mmoja kama kabari, cha pili kina meno ukingoni, na cha tatu hakikufanana na chochote. Aliviangalia akataka kulia. Aliisikia tayari sauti ya Redio: "Loo, hiki kimekatwa kwa kisu au kimetafunwa na panya?" Tena Mama angesema labda bado hajakua.

Karibu naye palikuwa na kikapu cha mabaki. Ndani yake mlikuwa na ngozi ya tumbo, ile ambayo Mama aliitumia kutandika ndani ya mikanda ili punda asichubuke. Ngozi ya tumbo inaweza kuwa nene sawasawa na ya mgongo, lakini ni laini, inavutika, na kisu huipita kama mkate. Chiriku alikata vipande vitatu kwa dakika chache tu, vimenyooka kama vilivyopigwa rula. Akavigandisha. Akapaka rangi ile ile ya kahawia, akasugua nta pembeni mpaka vikang'aa. Vile vya kwanza alivisukuma chini kabisa ya kikapu.

Mama alikipokea kipande, akakigeuza geuza. Zamani angekikunja mara moja na vidole vyake vingemwambia ngozi ile imetoka wapi. Sasa vidole vilikuwa bubu.

"Umekikata kwenye ile ya mgongo?"

"Ndiyo, Mama."

"Pembe zimenyooka. Vizuri sana, mwanangu."

Mama alikizungusha kwa kila aliyekuwa barazani, na kila mtu alikisifu. Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

Asubuhi ya Jumamosi walikwenda dukani watatu: Mama, Mjomba na Chiriku. Duka lilinuka mafuta ya mashine. Muuzaji aliwaonyesha cherehani mbili zinazofaa ngozi. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, nyepesi, ina taa na mota isiyopiga kelele. Ya pili ilikuwa nyeusi, shingo nene, gurudumu kubwa kama sinia, na bobini pana yenye kubeba uzi mwingi. Mguu wake wa kukandamiza ulikuwa na sehemu mbili zilizopokezana, zikitembea pamoja na ngozi hatua kwa hatua. Ilionekana kama fahali aliyelala.

"Mama, hii nyeupe hata ubao inashona," alisema muuzaji.

"Mimi sishoni ubao," alisema Mama. "Shika ngozi yangu na uzi wangu."

Kipande kikawekwa chini ya mguu wa cherehani nyeupe. Mama alizungusha gurudumu kwa mkono, kichwa amekiinamisha, akisikiliza. Sindano iliingia bila kunung'unika, ikatoka, ikaingia tena. Kisha wakawasha mota, na mshono ukanyooka kama mstari wa daftari, juu na chini.

Mjomba alipiga makofi. "Si nilisema!"

"Ajabu," alisema Mama polepole. "Sikutegemea." Aliitazama ile nyeusi, akaitazama ile nyeupe, kisha akamtazama binti yake. "Wewe unaonaje, Chiriku? Maana jaribio ni lako."

Hapo ndipo maneno yalipotakiwa. Yalimjaa Chiriku mdomoni mpaka mashavu yakamwasha. Lakini Mjomba alikuwa akitabasamu, muuzaji alikuwa akitabasamu, na Mama, ambaye siku nyingi hakutabasamu, alikuwa anaelekea kutabasamu.

"Nzuri," alisema Chiriku.

Muuzaji alifunga mzigo huku akitoa sharti lake. "Ikikushinda, irudishe, nitakubadilishia. Lakini isiguswe na tupa wala nyundo. Ikishachokonolewa, mama, hiyo ni yako mpaka kiama."

Cherehani ilipokelewa nyumbani kama bibi harusi. Watoto walipigania kugusa taa. Redio alitangaza habari zake hadi mtaa wa pili. Mzee Taratibu, mchota maji aliyeitwa hivyo kwa mwendo wake na wa punda wake, alikuja kwa heshima zote akaweka mkanda wake wa nyuma mezani. Ulikuwa umechakaa, uzi umekatika karibu na bizimu.

"Fundi, nishonee mpya," alisema. "Huu siuamini tena. Punda wangu ameshaanza kuuogopa mteremko, na mimi namwogopea yeye."

"Kesho uje uuchukue, mzee wangu."

Mama alikata ngozi ya mgongo, akaikunja kwenye bizimu, akaitia chini ya sindano. Akawasha. Cherehani ilitoa mlio kama wa mtu aliyekabwa. Sindano ilipinda, ikavunjika *tak!*, kipande kikaruka na kumpita Redio sikioni. Mama alibadilisha sindano. Safari hii ilipita, lakini ilipogeuzwa ngozi, chini palikuwa na mafundo ya uzi ulioning'inia, mshono mmoja umeshika na miwili imeruka. Tabaka la juu lilikuwa limesukumwa mbele, la chini limebaki nyuma. Sindano ya tatu nayo ikavunjika.

"Punguza kasi, dada," alisema Mjomba.

Alipunguza.

"Kaza uzi."

Alikaza.

Siku ya pili mambo yalikuwa yale yale, na siku ya tatu. Baraza likaanza kunong'ona. Redio, ambaye kunong'ona kwake kulisikika barabarani, alisema, "Cherehani haina kosa. Dukani si ilishona? Labda mkono tu umezeeka." Hakusema kwa ubaya. Lakini Mama alisikia.

Jioni ile Chiriku alimkuta ameketi peke yake, cherehani imefunikwa shuka. Alikuwa ameshika msharasi. Vidole vilikuwa vimefungwa vitambaa, na kila alipovuta uzi alifumba macho.

"Mama, daktari alikataza."

"Daktari hana punda, mwanangu. Mzee Taratibu anavuta mkokoteni mwenyewe tangu juzi, ili asimhatarishe mnyama wake. Bega limemchubuka, nimeliona." Alivuta tena, akauma meno. "Sijui nimekosea wapi. Nilijaribu kama nilivyofundishwa. Ngozi yangu, uzi wangu. Labda kweli nimezeeka. Fundi akishindwa kujua chombo chake, amebakiwa na nini?"

Chiriku aliketi karibu naye akashika donge la nta. Alipaka uzi nta mpaka ukawa mzito, na mama yake akashona tundu chache, akaacha, akaificha mikono kwapani kama mtu anayesikia baridi.

Kesho yake baraza lilijaa kuliko kawaida, maana Mjomba alikuwa amekuja na mfuko wa vifaa. "Nimegundua ugonjwa," alitangaza. "Sindano ni nyembamba. Tutie sindano nene, ile ya magunia. Ila tundu la bamba hili la chuma chini ya sindano ni dogo, haitapita. Nitalipanua kidogo kwa tupa. Dakika mbili tu."

"Na sharti la muuzaji?" aliuliza mtu.

"Dada hairudishi. Hata akirudisha atasema nini? Mbele ya macho yake ilishona!"

Mama aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kung'olewa jino. "Panua."

Mjomba aliliweka bamba sawa, akalipuliza vumbi, akachagua tupa. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni. Aliiona ncha ya tupa ikikaribia tundu. Aliwaona watu wote: Redio, watoto, Mzee Taratibu aliyekuwa ameketi pembeni, shati limemganda begani. Alitamani awe na mama yake peke yake. Lakini tupa haikusubiri.

"Mjomba, acha!"

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mjomba alishtuka mpaka tupa ikamponyoka.

"Haina ugonjwa," alisema Chiriku. "Mimi ndiye... Mama, kile kipande hakikuwa ngozi ya mgongo. Kilikuwa cha tumbo. Niliharibu ile uliyonipa, ikaenda upogo, nikaogopa utasema sijakua. Nikakata ya tumbo nikaipaka rangi. Dukani nilijua. Nilijua, nikasema nzuri."

Hakuna aliyecheka. Hata Redio alizimika.

Mama hakumgombeza. Ingekuwa afadhali. Aliinuka, akamwambia mdogo wake, "Rudisha bamba lilivyokuwa," kisha akasema kwa Chiriku, "Vipande ulivyoharibu viko wapi?"

Chiriku alikwenda nyuma ya nyumba akakivuta kikapu. Alivileta vile vipande vitatu: kabari, chenye meno, na kile kisichofanana na chochote. Mama alivipokea kwa mikono yake iliyofungwa vitambaa, akavipanga kimoja juu ya kingine.

"Hivi?" aliuliza. "Hivi ndivyo ulivyoviogopa?"

"Vimekatwa vibaya, Mama."

"Vibaya, ndiyo. Lakini hili ni jaribio, mwanangu, si mkufu. Hakuna anayelivaa. Sindano haitazami ukingo umenyooka au haukunyooka, inatazama kilichomo ndani. Hivi vingetosha. Hivi hivi vilivyo, vingetosha kabisa."

Maneno hayo ndiyo yaliyomliza Chiriku. Alilia kwa sauti, mbele ya watu wote, na Mama alimwacha alie. Aliponyamaza, alimpa gundi. "Gandisha."

Walirudi dukani na cherehani nyeupe. Muuzaji aliligeuza bamba mwangani, akapitisha kidole kwenye tundu, akaridhika kwamba halijaguswa. Safari hii Mama alimweka Chiriku mbele ya gurudumu.

"Zungusha wewe. Usitazame. Sikiliza."

Kwenye cherehani nyeupe, kile kipande kibovu cha upogo kiliifikia sindano, na Chiriku akasikia gurudumu likigoma mkononi mwake, kisha mlio ule wa kukabwa. Aliacha kabla sindano haijavunjika. Kwenye ile nyeusi, gurudumu lilikuwa zito kuanza, lakini sindano iliposhuka haikusita. Iliingia polepole, kama mtu mzito anayeketi, ikapita matabaka yote matatu. Mguu ukainuka, ukapiga hatua na ngozi, tabaka la juu na la chini pamoja. Alikigeuza kipande. Upande wa chini mshono ulikuwa kama wa juu.

"Umesikia?" aliuliza Mama.

"Nimesikia."

"Basi hii ndiyo yetu."

Mjomba alipoibeba nyumbani alihema njia nzima. "Huyu si fahali, huyu ni tembo," alilalamika, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile Mama alicheka, kidogo.

Mkanda wa Mzee Taratibu ulimalizika kabla jua halijageuka. Mama aliongoza ngozi kwa viganja tu, vidole vimepumzika. Lakini alipomaliza hakumkabidhi mzee mkanda. Alimpa Chiriku. "Umpelekee wewe. Na umwambie kwa nini umechelewa. Siku ile ulinieleza mimi, mzee alisikia kwa bahati tu. Bega ni lake."

Mzee Taratibu alikuwa kando ya bomba la maji, akimsugua punda wake shingoni. Chiriku alisema yote, tangu kisu kilipoteleza. Hakupunguza neno. Mzee alisikiliza kwa mwendo wake ule ule, mpaka mwisho, kisha akauchukua mkanda akaupima uzito mkononi.

"Binti yangu," alisema, "mimi nikiutazama mkanda naona rangi tu. Punda hata rangi haoni, anaona kazi. Tukifika pale juu ya mteremko na pipa limejaa, hatuna muda wa kuufumua mshono tujue ndani mna nini. Tuna neno la fundi, basi. Neno hilo likiwa bovu, chuma hakitatusaidia." Alimpigapiga punda mgongoni. "Kosa la kisu hata mama yako amewahi kulifanya, na mimi nimewahi kupindua mkokoteni mzima. Kosa la kisu hurekebishika asubuhi. Kosa la kuficha huwapata waliokukosea na wasiokukosea, na hujui litasimama kwa nani. Safari hii limesimama kwa mama yako na kwa bega langu. Siku nyingine mkono ukiteleza, sema siku hiyo hiyo. Watakucheka. Wacheke. Kicheko hakimchubui mtu."

"Nisamehe, mzee wangu."

"Nimekusamehe kabla hujafika hapa. Sasa niambie: huu ni wa ngozi ya wapi?"

"Ya mgongo. Matabaka matatu. Niliyapanga mimi, Mama akashona."

Mzee Taratibu hakuukunja mkanda wala hakuuvuta kuujaribu. Alimvika punda, akafunga bizimu, akajaza pipa mpaka maji yakamwagika ukingoni. Kisha akashika hatamu, wakaanza safari kuelekea mteremkoni, yeye na mnyama wake, taratibu.

Chiriku alisimama akitazama. Mkokoteni ulipoinamia mteremko, uzito wote wa maji ulisukuma mbele, na mkanda ukakazika nyuma ya punda. Punda alisita hatua moja. Kisha akaendelea kushuka, na mkokoteni ukamfuata nyuma bila kumgusa.